Mtungi wa Safari ya Lugoba

Ukitaka ugomvi na Eufrazia, mwambie chungu chake kinavuja. Hapo ndipo utajua kwamba mama huyu wa Kimakonde hakutoka Newala kuja Manzese ili watu wamcheke. Alifinyanga tangu hajaota meno yote ya ukubwani, akifundishwa na bibi yake, na mjini akaendelea vilevile: udongo anaufuata mwenyewe bonde la Msimbazi, vigae vya kuchanganyia anatwanga mwenyewe, moto anawasha mwenyewe. Mtaani walimwita Mama Fransis, na kila nyumba yenye maji baridi ilikuwa na mtungi wake.

Nyumba isiyo na raha ya maji hayo ilikuwa moja tu, nayo haikuwa nyumba. Ilikuwa pikipiki ya mumewe.

Polikarpo alikuwa mpeleka vitabu wa elimu ya watu wazima. Miaka ile serikali ilikuwa imesema kila mtu asome, mzee kwa kijana, na vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeanzishwa hata mahali ambapo juzi palikuwa na nyani. Vitabu vitafikaje huko? Kwa Polikarpo, bwana! Alfajiri anafunga mfuko wa turubai nyuma ya pikipiki, anashika barabara ya Morogoro, Kibamba hiyo, Mlandizi hiyo, mpaka Chalinze, kisha anakata kulia kuelekea Lugoba na vijiji vyake. Akipita Manzese watu walimpungia mkono. Eufrazia naye alisimama mlangoni, kanga kifuani, mpaka mlio upotee kabisa. Alikuwa akimwonea fahari mumewe, wala hakuficha.

Shida ilikuwa jua. Polikarpo alibeba maji kwenye chupa, na kabla hajafika Mlandizi maji yale ungeweza kutia majani ukanywa chai. Akiyameza yanamchafua tumbo, anayaacha. Kuomba vijijini ndiyo kabisa hataki.

"Mama wa watu kayafuata maji maili nne kwa miguu," alimwambia mkewe, "halafu mie nije na pikipiki yangu nimnywee? Nitamtazamaje usoni?"

Basi mara mbili mfululizo kiu ikamwangusha. Mara ya kwanza kizunguzungu, mara ya pili pikipiki ikalala mchangani, yeye pembeni yake. Mara zote mbili alirudi Dar na vitabu vyake vilevile. Mratibu wao, Ndugu Didas, hakuwa mtu mbaya, ila maneno yake hayakuwa na kona. Alimwambia: "Ndugu Polikarpo, watu wa Lugoba wanangoja vitabu tangu mwezi wa pili. Jumatatu ijayo unakwenda tena. Ukirudi navyo, pikipiki itashikwa na mwingine, wewe utakaa getini."

Polikarpo alilisema jambo hilo nyumbani huku ameinamia sahani.

"Getini?" Eufrazia akaruka. "Mume wangu akae getini kufungulia watu? Ng'o! Tena kwa ajili ya maji, wakati mkewe ni mfinyanzi? Watu watanicheka mie, si wewe!"

Usiku huo alikuwa na mtungi mdogo tayari, aliouchoma wiki iliyopita kwa mteja. Ulikuwa na tumbo pana na shingo nyembamba. Mteja atangoja. Alisuka wavu wa katani wa kuuning'iniza mbele ya usukani, upepo uupige vizuri, akaweka na kata ya matambara nyuma yake usigongane na chuma. Kizibo alikwenda kumwomba jirani yao Albano, mchongaji wa vinyago, mtu wa kwao.

Albano alichonga kizibo, tena kizuri. Lakini mchongaji ni mchongaji. Akautazama mtungi, akaguna.

"Dada, chombo cha kupita mbele za watu hakiendi kikavu hivi. Kimepauka kama goti la mtoto. Niachie mpaka jioni."

Sasa Albano alikuwa na ufundi wake: mti wowote akiupaka dawa ya viatu nyeusi na kuusugua kwa kitambaa, mgeni ataapa ni mpingo. Ndivyo alivyoufanya mtungi. Eufrazia alipouona ulivyong'aa, akacheka kwa furaha. Bibi yake alimfundisha nini kuhusu mtungi wa maji? Siku hiyo alisahau. Alipita akiwaonyesha majirani, na jirani yake Apolonia, ambaye hana dogo, akasema hajawahi kuona chungu kinachofaa kwenda arusini kama hicho.

Jumatano Polikarpo alitumwa kupeleka chaki Mlandizi, akaujaribu. Alasiri akarudi, macho mekundu, midomo imepasuka. Alifungua kizibo akammiminia mkewe maji mkononi.

Yalikuwa ya moto.

Apolonia alikuwa pale pale uani, anachagua mchele. "Uzuri wa mkakasi," akasema, wala hakumalizia, maana kila mtu anajua ndani kuna nini. Uani wakacheka. Eufrazia aliingia ndani na mtungi wake akakaa kitandani. Tuseme kweli, alilia. Si kwa kuchekwa tu. Aliiona Jumatatu inakuja, na mumewe kwenye kiti cha getini.

Akiwa vile vile na machozi, mkono wake ukawa unapapasa mtungi. Mkavu. Umetembea kutwa umejaa maji, na nje mkavu kama mfupa! Akasimama.

"Jamani, mie mjinga! Mtungi gani huu usiotoka jasho?"

Maana mtungi unapoza kwa jasho lake. Maji yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo, upepo unayachukua, ya ndani yanabaki baridi. Mtoto wa kike wa Newala analijua hilo kabla hajajua kuchota. Na yeye, fundi mzima, alikuwa ameuacha mtungi uzibwe vitundu vyote kwa dawa ya viatu ili upendeze! Alijionea haya kuliko alivyomwonea haya Apolonia.

Kufinyanga mwingine hakukuwa na muda, udongo haukauki kwa siku nne. Ilibaki njia moja: kuurudisha motoni, dawa iungue. Lakini mtungi ulioonja maji ukiwekwa motoni kabla haujakauka, unapasuka. Akauanika Alhamisi na Ijumaa, akiugeuza kama mgonjwa. Albano akaja kuomba radhi, kofia mkononi. Eufrazia akamwambia, "Kaka, kosa la nani? Wewe ulipaka, mie nilichekelea." Wakaachana vizuri.

Jumamosi asubuhi akaulaza juu ya makaa ya makumbi, taratibu, akaufunika kwa vigae. Liwalo na liwe. Moshi mweusi ukapanda, na mtaa mzima ukanuka viatu vya askari. Apolonia alitoka akitaka kusema, akamwona Eufrazia alivyokodoa macho kwenye moto, akarudi ndani.

Mtungi ulitoka mzima. Lakini sura yake, Mungu apishe mbali! Mabaka meusi huku, mekundu huku, shavu moja limeungua. Polikarpo akaugeuza geuza.

"Mama Fransis, hiki nikining'inize mbele ya watu?"

"Tia maji, Baba Fransis. Kisha uniletee maneno."

Jumapili mchana mtungi ulikuwa umelowa jasho mpaka linadondoka. Apolonia alikunywa kikombe, akaomba cha pili. Eufrazia akampa, tena akamjazia.

Jumatatu alfajiri Polikarpo akaondoka. Eufrazia hakufinyanga siku hiyo, wala Jumanne. Alifagia ua mara tatu. Kila mlio wa pikipiki ulimtoa nje.

Jumanne alasiri ndipo alipomwona anakuja kutoka upande wa Ubungo, kakaa wima, mfuko wa turubai umenywea nyuma yake. Vitabu vimefika! Eufrazia alipiga kigelegele kimoja, kisha akakikatiza katikati. Mbele ya usukani palikuwa patupu.

"Umeuvunja!"

"Nani kauvunja? Ngoja nishuke, mke wangu." Polikarpo alikuwa anacheka. "Chalinze maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Nimefika kijiji cha mwisho saa nane, sijui kiu ni kitu gani. Wamenipokea kwenye banda la kusomea, wameniletea kikombe cha maji yao, nikawaambia, leo mtakunywa yangu. Mwenyekiti wao, Mzee Mwishehe, akaonja, akampa wa pili, mtungi ukazunguka banda zima. Mfinyanzi wao alifariki kabla hawajahamia kijiji hicho, tangu hapo maji wanaweka kwenye madebe. Kina mama wakaushika, hawataki kuuachia. Nimewaachia, nikanywa ya kunitosha kabla ya kuondoka."

Akatoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Eufrazia alisoma darasa la nne misheni, hakuhitaji kusomewa. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimelala:

MAMA FRANSIS. MAJI YAKO BARIDI. MIMI MWANAIDI. NJOO UTUFUNDISHE MTUNGI.

"Huyo mama," Polikarpo akasema, "mwaka jana hajui kushika kalamu. Walikuwa wanajifunza kwa mkaa kwenye ubao, wakingoja vitabu. Hiyo ni barua yake ya kwanza tangu azaliwe."

Eufrazia aliisoma tena. Kisha akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akanyanyua kichwa.

"Baba Fransis, hiyo pikipiki inabeba watu wangapi?"

"Wawili. Lakini ruhusa anatoa Ndugu Didas."

"Basi kesho kamwambie Ndugu Didas, mwalimu wa Lugoba yuko tayari."