Mwaridi Kando ya Meza ya Dobi

Pfuu. Mlio huo ndio uliokiamsha chumba kila asubuhi. Dobi alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya shati yakawa ukungu, kisha pasi ya mkaa ikapita na mvuke ukapanda. Dirishani, ubavuni mwa meza yake, kulikuwa na mwaridi wa mkewe ndani ya kopo la rangi. Nusu ya ukungu iliangukia shati, nusu majani.

Mkewe, aliyekuwa akishona vifungo na kutia viraka nguo za wateja wale wale, hakuchoka kulalamika. "Mwaridi wangu si mahali pa kutemea mate," alimwambia. Dobi alijibu kwamba mate ya mume ni mbolea, akapuliza tena.

Dobi alipofariki, meza ilifunikwa blanketi, pasi ikasukumwa uvunguni. Mjane aliushika mwaridi kama aliyeachiwa mtoto. Aliumwagilia kwa bidii, kwenye udongo tu. Kiangazi kilipoingia, majani yakatoka vidoti vya manjano, kana kwamba yamechomwachomwa sindano. Alidhani ni kiu, akazidisha maji. Nyuzi nyembamba zikafumwa kati ya vikonyo. Hizo aliziacha, kwa kuwa marehemu hakupenda buibui wauawe.

Wifi yake, muuza miche, alikuja kumjulia hali, akasimama dirishani.

"Wifi, siku hizi unafuga buibui?"

Akaomba kitambaa cheupe, akakikinga chini ya tawi, akaligonga kwa kidole. Vumbi likaanguka. Halafu vumbi likaanza kutembea.

Hawa si buibui, alieleza, ni utitiri. Hujificha upande wa chini wa jani na kulinyonya taratibu. Wakakata matawi yaliyokwisha, wakayafunga ndani ya mfuko. Yaliyobaki wakayaosha jani kwa jani kwa maji yenye sabuni kidogo, na wifi akasisitiza kazi hiyo irudiwe kila baada ya siku chache, maana mayai yangeanguliwa tena. Walipomaliza, kopo lilikuwa na vijiti na majani ya kuhesabika.

Mjane aliuliza kama mwaridi utapona. Wifi hakutaka kumdanganya: mizizi ilikuwa imelowa mno; labda utapona, labda sivyo. Alichoshangaa ni kwamba miaka yote ile, kando ya joto la pasi, mwaridi haukuguswa, na utitiri hupenda joto na ukavu. Akaigeukia meza iliyofunikwa.

"Kaka alikuwa akiuosha kila siku," akasema.

Wifi alipoondoka, mjane aliliondoa blanketi, akalikunja. Alichota maji kikombeni, akajaza mdomo, akapuliza. Mengi yalimtiririka kidevuni, machache yakafika kwenye vijiti. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Akajifuta kwa kiganja, akaweka mkono juu ya meza, pale mbao zilipoungua kwa pasi, na kusema kwa sauti isiyofika hata mlangoni:

"Temea tu, mume wangu. Temea."