Idadi ya Sigara za Baba

Baba hakuwahi kumtajia mgeni idadi ya ng'ombe wake. Kwetu, nje kidogo ya Bariadi, huo haukuhesabiwa kuwa uongo. Mtu akiuliza, unataja wachache, halafu unamuuliza habari za mvua. Ukitaja wote, umewaita wezi.

Zamani alivuta tumbaku aliyoisokota kwenye gazeti. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori yao, maduka yakajaa bidhaa, naye akahamia sigara za pakiti. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani, na moto wa asubuhi niliuwasha kwa pakiti zake tupu. Siku nyingine nilikuta moja, siku nyingine mbili.

Mwaka ule kanisani walitutangazia kwamba daktari wa kifua atafika hospitali. Waliopita miaka hamsini na waliovuta muda mrefu waende kupimwa, hata kama hawaumwi, kwa sababu kansa ya mapafu huanza kimya, na ikionekana mapema huenda ikatibika. Baba mdogo, aliyevuta pamoja na baba tangu ujana wao, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Yeye alikwenda kupimwa wakati hawezi tena kulala chali. Mama akamsihi baba aende, akanituma nimsindikize.

Nesi alieleza kwamba filamu za eksirei ni chache. Wavutaji wakubwa watapigwa picha ya kifua. Wengine watapewa ushauri warudi nyumbani.

“Mwangaluka, mzee,” akamsalimu baba kwa Kisukuma. “Unavuta sigara ngapi kwa siku?”

“Mwangaluka, mayu. Mbili.”

“Mbili tu?”

“Labda tatu, kukiwa na harusi.”

Nesi akaandika, akamwonyesha benchi la kushoto, la wanaorudi nyumbani.

Kumkanusha baba mbele za watu nisingeweza. Hata salamu nilikuwa naitoa nikitazama chini. Nilikuwa nimembebea koti lake. Nikatoa pakiti tupu mfukoni mwa koti, nikaichana, nikaazima kalamu kwa mama aliyekaa jirani. Mimi huandika polepole. Nilipofika neno la tatu, watu wa benchi la kushoto walishaanza kuitwa. Nikamaliza hivyo hivyo: Baba anavuta pakiti nzima kwa siku, na tumbaku alianza kabla sijazaliwa. Nikaiweka mezani kwa nesi, nikarudi nyuma.

Akaisoma kwa sauti. Watu wakageuka. Baba alinitazama mpaka nikatamani kuondoka.

“Mzee,” nesi akasema, “na mimi nimezaliwa kwa wafugaji, kule Meatu. Mchezo huu naujua. Sigara haziibiwi zizini, sema tu.”

“Kumbe mwenzetu ana zizi zima kifuani!” akadakia mzee mmoja, na mabenchi yote mawili yakacheka. Baba naye akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Kikohozi kilipotulia, akainuka akahamia benchi la kulia.

Picha haikuonyesha uvimbe. Daktari akamwambia kwamba usalama wa leo si wa mwakani. Aache sigara, na arudi tena kupimwa.

Njiani, tulipovuka mto, akapokea koti lake, akapapasa mfuko uliokuwa mtupu.

“Umeandika vizuri,” akasema. “Ila na wewe umepunguza. Ni pakiti moja na nusu.”