Akina Nasambu wa Jumatano

Sista Nasambu, mtawa na mkunga wa zahanati, hakuwa mtu wa kubembeleza. Mama mjamzito akikosa kliniki, Sista alimfuata hadi shambani kwa baiskeli, kanzu nyeupe ameikunja na kuifunga kiunoni, na ole wake mume aliyesema mkewe ana kazi ya kupalilia. "Basi palilia wewe," alimwambia. Wanaume wazima walichukua jembe wakapalilia.

Mtu aliyemshinda ni mmoja tu, babake, mzee Makhanu wa Likuyani. Alikuwa amempa bintiye jina la marehemu mamake mwenyewe, na kama ilivyo ada ya kwao, tangu utotoni alimwita "mayi", yaani mama. Kisha msichana akataka utawa.

"Utaenda kulizika jina la mamangu," mzee alisema. "Wewe huzai, nani atalibeba?"

Siku ya nadhiri, mwaka wa tisini na moja, hakufika. Watawa wenzake Nasambu walichukua majina ya watakatifu. Yeye alimwomba mama mkuu amwachie la nyanya, akaachiwa. Habari zilimfikia mzee. Tangu hapo binti akienda nyumbani babake alimwita Sista tu, si mayi tena, kama mgeni aliyepita kuomba maji. Ilimuuma kuliko alivyowahi kukiri, hata kwa padri.

Miaka saba ikaenda. Jumatano moja, siku ya kupima watoto, mzee akaletwa zahanati akichechemea. Alikuwa amejikata mguu kwa panga. Wakamkalisha kwenye benchi katikati ya akina mama. Sista alimwona kupitia mlango wa chumba cha sindano, lakini alikuwa ameshika mtoto wa watu na sindano mkononi.

Barnaba, karani wa kadi za watoto, akaita, "Nasambu."

Mzee akainua kichwa, akidhani anaitwa bintiye. Barnaba akaongeza jina la baba, na mama mmoja akasimama na mtoto wake.

"Nasambu," Barnaba akaita tena, kwa jina la baba mwingine. Akasimama mwingine. Wa tatu alikuwa mama wa kabila jingine, Cherotich, na hapo mzee akashindwa kuvumilia.

"Wewe si wa kwetu," akamwambia. "Jina la mamangu umelitoa wapi?"

"Huyu mtoto alikuja miguu mbele, mzee. Wote walisema amekufa, Sista akamtoa akilia. Sasa ningemwita nani?"

"Hapa tunaitanga mpaka jina la baba," Barnaba akadakia. "Akina Nasambu wamejaa."

Sista aliyasikia yote. Hakujitia unyenyekevu, alijivuna, kifua kikamjaa, na akaona ni haki yake. Walikuwa kumi na tisa. Kila mmoja alimpokea kwa mikono yake.

Alipomaliza akatoka na beseni la maji ya chumvi, akapiga magoti mbele ya babake, akaanza kuosha kidonda. Mzee aliwatazama wale watoto mmoja mmoja.

"Pole pole, mayi," akasema. "Inauma."