Siku Njoroge Aliponipa Mbwa Wake

Nakumbuka Jumamosi moja kule Dundori, mwanangu, nikiwa kijana mwenye nguvu nyingi na masikio machache. Rafiki yangu Njoroge alikuja kwetu na mbwa wake, akanikabidhi kamba. "Mchukue. Mimi sitamhitaji tena."

Njoroge alimpenda mbwa huyo kuliko viatu vyake vya kanisani. Nami, badala ya kuuliza, nikacheka: "Asante, boss!" Akaenda zake. Wiki hiyo alikuwa ameacha kwaya, koti lake zuri amempa jirani, na sisi tukasifu ukarimu wake.

Cucu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akimenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Umepewa mbwa, ama umeagwa?"

Nikaitazama kamba mkononi.

"Mfuate kwake sasa hivi. Muulize kama anafikiria kujiua. Useme hivyo hivyo, usizunguke."

"Cucu, si nitamtia hilo wazo?"

"Wazo kama liko, liko. Ukiuliza, hatalibeba tena peke yake. Mficha uchi hazai." Cucu, Mungu amrehemu, hakuwa na haya na methali.

Basi nikapanda kilima, mbwa akinivuta kama aliyechelewa maziwa. Njoroge alikuwa shambani, ameketi juu ya gunia. Nikaketi kando yake.

"Njoro, unafikiria kujiua?"

Alinitazama sana. "Nilidhani hakuna mtu ataniuliza."

Akalia. Nami nikalia. Mbwa naye akabweka na kulia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika, nasi tukajikuta tunacheka na machozi mashavuni. Kisha akanieleza: tangu mvua ianze usingizi haumjii, chakula hakina ladha, anajiona mzigo kwa watu wake. Nilikuwa na mahubiri tayari; nikayameza, nikasikiliza.

Aliniomba niape sitamwambia mtu. Nilikataa, akaninunia. Heri rafiki aliyenuna, mwanangu. Nilimwita kaka yake, akaondoa kila kitu cha hatari pale nyumbani, na jioni hiyo hiyo tukamshusha hospitalini Nakuru, mimi upande huu, kaka upande ule. Akapata dawa, na mshauri wa kuzungumza naye. Haikuwa safari ya siku moja. Kuna miezi alirudi nyuma, nasi tukarudi naye hospitalini. Leo ana wajukuu wanne, na kwenye kwaya anapiga tena kelele hadi sauti zetu hazisikiki. Tumemvumilia.

Mwanangu, mwenzako akianza kuaga bila safari, akigawa anavyovipenda, akisema mtapumzika bila yeye, usicheke kama mimi. Muulize waziwazi. Sikiliza bila kumkemea. Usimwache peke yake, na usiibebe siri hiyo. Ita watu, mfikishe kwa daktari. Na ukiwa wewe ndiye umelemewa, sema leo, hata kwa mzee huyu. Mlango wangu hauna komeo.

Mungu akupe masikio kabla ya maneno. Akujalie marafiki wasumbufu wasioogopa kukuuliza, na akuzeeshe ukicheka nao.