Manowari Iliyorudi Kinyumenyume

Mpaka leo sijamsamehe mtu aliyekwenda mitumbani Mikumi kununua kofia ya baharia kwa ajili ya msiba wa baba yangu. Ilikuwa miaka ile soko huria limeruhusiwa, mitumba imemwagika kila kona, hata upuuzi wa aina hiyo ulipatikana.

Alikuwa Mnyamwezi wa Kimamba, mtani wetu. Mtani msibani ana ruhusa: anamwigiza marehemu, anamsema anavyotaka, na wewe mfiwa ukinuna unaonekana huna adabu. Najua. Nilinuna.

Baba alichukuliwa kijana kutoka shamba la mkonge, wakati wa vita ya pili ya Wazungu, akafanya kazi chini kwenye mashine za manowari. Meli ikapigwa, ikapasuka mbele. Ili maji yasiingie kwa nguvu pale ilipopasuka na kuizamisha, ikarudishwa bandarini kinyumenyume, safari nzima. Kimamba nani angeamini hayo? "Mzee, hizo fiksi," vijana walimwambia, tena bila shikamoo. Baba alicheka nao. Mimi nilichemka, nikagombana nao mpaka dukani, maana nilitaka apate japo mtu mmoja zaidi yangu wa kumwamini kabla hajafa. Hakumpata.

Basi mtani akavaa kofia yake, akatembea kinyumenyume mbele ya jeneza. Watu wakavunjika mbavu. Kisha akaanza kuligonga: "Fungua! Fungua ndugu yangu, maji!"

Nikamvua ile kofia nikaitupa. Shangazi akanivuta mkono, lakini mtani mwenyewe hakuwa anacheka tena.

"Kwani hakukwambia?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Kuniambia nini?"

"Aliamriwa afunge mlango wa chuma, meli isijae maji. Wenzake wawili walikuwa bado ndani. Waligonga mpaka wakanyamaza. Ndiyo maana ile meli ilifika."

Nikamuuliza ana moyo gani wa kuigiza jambo kama hilo mbele za watu. Akasema baba ndiye aliyemwomba. Hakutaka kuzikwa nalo, na aliona mtani ndiye pekee anayeweza kulitamka bila mtu kumhukumu marehemu.

Hasira yangu kubwa ikamhamia baba. Nimegombana na Kimamba nzima kwa ajili yake, halafu ya moyoni akampa anayemcheka! Walipomshusha kaburini nikapewa udongo nitupe, nami nikamwambia kwa sauti, watu wote wanasikia, "Ungeniambia mimi, baba. Mimi nilikuamini."