Dishi Lenye Majina ya Maharusi

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nianze, maana hapa Bweri kila mtu ameshacheka na mimi mwenyewe nimeshacheka, ila mke wangu bado, anasema nguo za ndani za mume wake hazikuwa kwenye ratiba ya sherehe. Aibu hii nimejiletea mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Mimi nilikuwaga fundi madishi. Nimefunga madishi ya televisheni hapa Musoma, nimefunga Bunda, nimefunga mpaka Butiama, na nilipozeeka, magoti yakagoma ngazi, nikajiunga na kikundi chetu kidogo cha redio za ridhaa, yaani sisi tunaocheza na mawimbi kwa mapenzi tu, siyo biashara, tuna leseni zetu, tunaongea na watu wa mbali, na siku hizi tumeanza kujenga mtandao wetu wenyewe usio na waya, unaorusha picha na maandishi kutoka antena moja mpaka nyingine bila kupitia kampuni yoyote ya simu. Mwenzangu mkubwa katika kazi hiyo ni Mwalimu Rhobi, anafundisha fizikia Butiama, mama wa makamo, mcheshi sana, lakini akishakushauri jambo na wewe ukakaza shingo, anakuacha ujifunze (na mimi shingo yangu ni ya kukaza).

Sasa mjukuu wangu Neema akachumbiwa na kijana wa Mugeta anayeitwa Daudi. Furaha tupu. Ila kwenye ukoo wetu kuna jambo moja: siku ya kumuaga binti, chakula hakifunuliwi mpaka yule aliyemlea amtazame binti usoni mbele ya wakwe na kumtamkia baraka. Siyo aliyemzaa, ni aliyemlea. Na aliyemlea Neema ni dada yangu Nyanjura, yuko kisiwani Rukuba, alivunjika nyonga na hawezi tena kupanda mtumbwi. Simu huko aliko inashika kwa kubahatisha, neno moja linafika, la pili linabaki ziwani. Wazee wakasema basi shangazi mmoja aseme kwa niaba yake, yaishe. Neema akaja kwangu macho yamejaa machozi.

"Babu, bibi asiponibariki yeye mwenyewe, nitaondoka hapa kama mtu aliyetoroka."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, bibi yako atakuona na wewe utamwona, tena kwenye televisheni kubwa, mbele ya wakwe wote. Niachie mimi."

Hayo maneno "niachie mimi" ndiyo yaliyonipandisha kwenye bati.

Tulikaa kibarazani kwangu na Mwalimu Rhobi kuchagua antena. Upande wa kisiwani hapakuwa na ubishi, angeenda yeye mwenyewe na paneli moja bapa, aifunge kwenye nyumba ya dada. Ubishi ulikuwa upande wangu. Alikuwa na paneli ya pili kama ile, na mimi nilikuwa na dishi langu la zamani la televisheni, ambalo unatoa kile kichwa cha mbele, unaweka redio yetu mahali pake, linarusha mbali kweli kweli.

"Mzee Masatu, chukua paneli," akasema. "Inaona kwa upana. Ukikosea kidogo inakusamehe. Hilo dishi jicho lake ni jembamba, ukikosea kidogo tu unaongea na ndege."

Nikaitazama ile paneli. Ilikuwa ya kijivu, kama sinia la chai. Wakwe watoke Mugeta kote kule, wavae suti, waje waone sinia limefungwa kwenye bomba?

"Mwalimu, wageni watajuaje kama juu hapo kuna kazi imefanyika?"

"Watamwona bibi kwenye televisheni."

"Na juu wataona nini?"

"Juu wataangalia nini, mzee? Hawa watu wanakuja kula."

Nikachagua dishi. Nikalipaka rangi nyeupe, na juu yake nikaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, NEEMA NA DAUDI, nikazungushia maua (mke wangu alisema yanafanana na sato waliokauka, lakini yeye hajawahi kusifia mchoro wangu wowote). Nikalifunga juu ya paa uso ukitazama ziwani, wima kabisa kama ubao wa darasani, na kwa kuwa bolti ya kuinamishia ilikuwa imekwisha, nikalivuta kwa nyuma na mipira ya tairi ya baiskeli ili lisimame hivyo hivyo. Rhobi alipolipitia kabla ya kwenda kuvuka, akatikisa kichwa.

"Mzee, madishi ya aina hii yanatazama juu kuliko sura yake inavyoonyesha. Ukitaka lione kisiwani, lishushe uso mpaka lionekane limeinama, kama mtu anayesalimia wakubwa."

"Likiinama, majina yatasomwa na kuku."

"Basi tulijaribu kabla ya siku yenyewe."

"Rangi haijakauka."

Akacheka, akachukua begi lake, akaenda zake. Na mimi, fundi niliyefunga madishi miaka yote, sikuwahi kujiuliza hata siku moja dishi linatazama wapi hasa, nilikuwaga nasikiliza kile kimashine kinacholia, kikilia vizuri nakaza bolti, nadai changu, naondoka.

Siku ikafika. Hema limejaa, wakwe wamekaa upande wao, kiongozi wao Mzee Wambura, baba yake Daudi, mtu mrefu, mpole, ameketi ameshika kofia magotini. Na mjue kwetu mkwe ni mkwe. Hatutaniani, hatushikani ovyo, na kuonana bila nguo nadhifu ni jambo la kuitiwa kikao. Chakula kiko mezani kimefunikwa, sato wa kukaanga, kuku, ugali wa muhogo, harufu inazunguka hema kama mgeni anayetafuta kiti. Emsii akatangaza kwa mbwembwe, "Sasa tunakwenda Rukubaaa!" Vigelegele. Nikawasha kamera iliyomwelekea Neema, nikawasha na televisheni. Ikatoa bluu. Bluu tupu.

Nikatabasamu. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. Bluu.

Nikachukua redio yangu ya mkononi, ile ya sauti, ambayo haikuwa na shida yoyote (na hapa nikafanya kosa la kuisogeza karibu na kipaza sauti cha emsii).

"Rhobi, unanipata?"

"Nakupata, mzee. Bibi amevaa kitenge kipya, amekaa hapa anasubiri. Sioni kitu kutoka kwako. Dishi umeliinamisha?"

Hema zima likasikia. Nikajibu kwa sauti ya mkubwa, "Mwalimu, mimi nimefunga madishi mji huu kabla wewe hujaanza shule! Tatizo ni miti."

Basi nikaamuru mpapai wa jirani ukatwe. Mama Bhoke, mwenye mpapai, alikuwa ni mgeni mwalikwa, akatazama mpapai wake ukianguka na mapapai yake huku kashika soda mkononi. Bluu. Nikasema ni vyuma vya hema, vinavuruga mawimbi. Wakwe wote wakainuka, kila mtu na kiti chake, hema likabebwa na vijana likasogezwa upande mwingine wa nyumba, Mzee Wambura naye akasaidia kushika nguzo, mimi namwambia "pole mkwe, kidogo tu mkwe". Bluu. Nikasema ni muziki. Muziki ukazimwa, na ndipo tukasikia vizuri matumbo ya watu.

"Babu," akasema emsii kwenye kipaza sauti, "hivi dishi limeyumba, au ni wewe?"

Walicheka mpaka waliokuwa jikoni. Lakini Neema hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha maua anatazama ile bluu. Mama mmoja wa upande wetu akanong'ona, sauti ya kunong'ona ya mtu anayetaka asikike, kwamba basi Nyanjura aseme kwa redio ya sauti, ili watu wapate kula. Nikamuuliza dada. Sauti yake ikatoka kavu kabisa:

"Masatu, mimi sibariki sauti. Nitajuaje kama ni yeye? Nitajuaje kama analia au anafurahi? Nataka kumwona mtoto wangu."

Nikavua viatu. Nikapanda ngazi na suti yangu, huku mke wangu anasema "Baba Sabina, shuka, Baba Sabina, magoti yako," na mimi najifanya sisikii. Nilitaka tu kulisogeza dishi kidogo kulia. Bati lilikuwa la moto, soksi ikateleza, nikaenda kwa tumbo mpaka ukingoni, na katika kutapatapa nikakamata ukingo wa juu wa dishi kwa mikono miwili. Msumari wa bati ukaikamata suruali yangu nyuma. Nikasikia sauti ambayo hakuna mwanaume anayekosea kuitambua. Ikapasuka kutoka kiunoni mpaka karibu na goti, na miguu yangu ikabaki inaning'inia hewani upande wa hema, lile hema nililolihamisha mimi mwenyewe, juu kabisa ya wakwe. Kaptura ya ndani ilikuwa ya rangi ya machungwa.

Na dishi, kwa uzito wangu, likainama.

"Pichaaa!" emsii akapiga kelele. "Bibi huyo! Bibi huyo!"

Nikageuza shingo nikaona kwa mbali kwenye televisheni uso wa dada yangu, kilemba chake, mkono wake umeziba mdomo. Nikafurahi nikasahau, nikalegeza mikono, ile mipira ya baiskeli ikalivuta dishi juu, bluu ikarudi.

"Babu, usisogee!" Hema zima, wetu na wa Mugeta, kwa sauti moja. "Vuta! Vuta babu!"

Nikavuta. Dada akarudi. Na hivyo ndivyo nilivyokaa, tumbo kwenye bati, mikono kwenye dishi, machungwa hewani.

"Neema," Nyanjura akasema, "sogea nikuone. Sogea tena. Mbona umekonda?"

"Sijakonda, bibi," Neema akasema, analia na kucheka pamoja.

"Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, nikakufundisha kupara samaki ukiwa hujajua kufunga kanga. Nenda. Nyumba yako isimfungie mgeni mlango. Ukichoka, sema umechoka. Mume wako akikosea, mwambie akiwa ameshiba." Wakwe wakapiga makofi. Ningeliomba iishie hapo, lakini dada yangu akianza haishii hapo, akawaita marehemu mmoja mmoja, akawasalimu wa Mugeta mmoja mmoja, kisha akauliza, "Na huyo Masatu aliyeniahidi yote haya, yuko wapi?"

Emsii akageuza kamera juu.

Dada akauliza, "Ni nani huyo ameanika miguu?"

"Ni yeye, bibi. Ndiye ameshika mtandao," emsii akajibu.

"Basi ashike hivyo hivyo," akasema, "sijamaliza." Nikamsikia Rhobi nyuma yake anacheka mpaka anakohoa.

Alipomaliza, mikono yangu ilikuwa haina habari na mimi tena. Vijana wetu walikuwa wamelala chini kwa kicheko, hakuna wa kutumainiwa. Aliyeleta ngazi ni Mzee Wambura. Akapanda, akavua koti lake, akanifunika nyuma, akanishika kiuno, jambo ambalo mkwe hamfanyii mkwe, akasema polepole, "Mkwe, shusha mguu wa kulia. Huo siyo, huo ni wa kushoto." Tulipofika chini tulitazamana, na yeye ndiye aliyeanza kucheka. Chakula kikafunuliwa. Tulikula kwenye meza moja, mimi ndani ya koti lake, mikono bado imekufa ganzi hata tonge haliendi, yeye ananimenyea samaki.

Tangu hapo ananipigia simu karibu kila Jumapili, na hatuzungumzii mambo ya ukwe hata kidogo, tunazungumza ng'ombe, mvua, na ubishi wa wake zetu. Mama Bhoke nimempandia miche ya mipapai. Juu ya paa sasa kuna lile sinia la kijivu, hakuna anayeligundua, na dada yangu anaonekana vizuri kila anapotaka kunikaripia.

Na mimi nimeapa. Kitu kikiwa cha kupendeza nitakipaka rangi, kikiwa cha kumfikia mtu nitakifunga jinsi Mwalimu Rhobi alivyosema, tena nitakijaribu hata kama rangi ni mbichi. Na ikitokea siku nyingine nikalazimika kupanda bati mbele ya wageni, nitavaa suruali mbili.