Mama wa Masakoshi

Miaka minne nilisimama kwenye lango moja la mtaa wa Kinindo nikipekua sakoshi za wanawake. Ndiyo kazi waliyotutengea sisi walinzi wa kike, kwa kuwa si adabu mwanamume kutia mkono kwenye mkoba wa mke wa mtu. Kuandika daftari la wageni, kuhoji madereva na kufungua lango, yote yalikuwa ya mwenzangu wa zamu, baba wa watoto watatu anayekaa Cibitoke. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Mama wa Masakoshi. Madereva wa kamyo za mizigo walinipita kama nguzo, wakaenda kuongea naye. Iliniudhi kila siku, nami kila siku nilinyamaza.

Mkuu wa lango alipostaafu, kampuni yetu ya ulinzi ilituambia shefu mpya angechaguliwa baada ya mafunzo ya siku mbili, ya usawa wa jinsia na ya kumpokea kila mtu bila ubaguzi. Niliitaka nafasi ile kupita kiasi, na sioni haya kulisema.

Tulifundishwa mtaani Asiatique, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza nani ana la kueleza. Nilisimama nikasimulia habari za wale madereva, jinsi mtu anavyokutazama kisha akaongea na aliye nyuma yako. Wanaume waliinamia Fanta zao. Nilipokaa nilijiona nimeshakuwa shefu.

Siku ya pili yalikuja mazoezi. Meza iliwekwa iwe lango, tukawa tunaitwa mmoja mmoja, wengine wakingoja nje. Aliyemaliza alibaki ndani kutazama. Kwenye zamu yangu aliingia mzee asiyeona, aliyealikwa na mwalimu awe mgeni wetu, ameshika bega la binti yake. Nilisalimia vizuri, nikafungua daftari, nikamgeukia binti.

"Uyu muzee anatafuta nani?"

Mzee ndiye aliyejibu, bila hasira.

"Mi iko hapa, mama. Uniulize mimi."

Walionitangulia hawakucheka, maana karibu wote walikuwa wamekosea vilevile. Hilo halikunifariji hata kidogo. Mimi ndiye niliyesimama jana yake kulalamika.

Baada yangu aliitwa mwenzangu. Alimsalimia mzee mwenyewe, akamwambia yeye ni nani, akamuuliza anakwenda kwa nani na kama angependa kushikwa mkono. Mwalimu alipotaka kujua amejifunza wapi, alisema baba yake alikuwa haoni, na yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka sokoni. Tulikuwa tumelinda lango moja miaka minne, na sikuwahi kumuuliza habari za kwao.

Ushefu alipewa yeye. Nilimpongeza kwa mkono, roho ikiniuma.

Jumatatu ilikuja kamyo ya simenti. Nilikuwa mbele, kwenye meza ya sakoshi. Dereva alitoa kichwa dirishani akapaza sauti juu ya kichwa changu, akimuuliza shefu kama anaweza kuingia. Shefu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, funguo mkononi. Hakuinuka.

"Ule mama ndiye eko ku mulango," alimwambia. "Muulize ye."

Kisha akaninyooshea daftari. Nilimuuliza dereva jina, nambari ya gari na mzigo, nikaandika polepole kuliko ilivyohitajika. Shefu alingoja mpaka nilipofunga daftari, ndipo akaenda kufungua lango.